Mguu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunipa mkono. Nimemwoa binti yake, tumezaa, tumejenga, tumezika ndugu wa pande zote mbili, na katika muda wote huo sijamgusa hata kwa bahati mbaya. Kwao, ng'ambo ya mpaka wa nchi pale Mutukula, upande wa Rakai, mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawali pamoja. Hawalali chini ya paa moja. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia shambani ili mwenzake apite. Anayevunja miiko hiyo, wanaamini, mikono yake itaanza kutetemeka na haitaacha. Sisi Wahaya nasi tuna heshima zetu za ukwe, ila zimelegea. Siku hizi kwenye harusi utamwona mtu amemkumbatia mama mkwe wake wanapigwa picha. Za mama mkwe wangu hazikulegea hata kidogo.

Ninaanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini kumpatia mwanamke mmoja mzee kadi ya bima ya afya kulinichosha kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Alikuwa na kisukari. Alikuwa na kidonda mguuni. Muuguzi alikwisha kutueleza waziwazi kwamba mguu ule usipohudumiwa mfululizo utakatwa. Na mimi, mwalimu wa serikali, nilikuwa na nafasi ya mzazi kwenye bima yangu ambayo ilikuwa wazi tangu mama yangu afariki. Mgonjwa yupo, nafasi ipo, mguu unaharibika. Ungedhani kazi imekwisha.

Alikuja kukaa nasi hapa Ijuganyondo, Bukoba, baada ya nyumba yake kule Rakai kubaki na yeye na kuku tu. Tulikuwa tumemwandalia chumba, mke wangu ameshona mapazia mwenyewe. Mama mkwe alisimama mlangoni, akakitazama chumba, akakisifu, akashukuru kwa magoti, kisha akatoka nje na kuuliza nyumba ya jirani ni ya nani. Jirani yetu ni mjane wa makamo yake, Mkatoliki kama yeye, mwenye chumba cha nje chenye mlango wake. Kabla chai haijachemka walikuwa wamekubaliana. Hapo ndipo alipokaa, upande wa pili wa ile mimea ya mlamula tuliyoipanda kuwa mpaka kati ya migomba yetu na ya mjane. Kijiko kikianguka jikoni kwetu, yeye anakisikia.

Kutoka ng'ambo hiyo aliiendesha nyumba yetu. Kila asubuhi alikuja mpakani, akachuchumaa, akajifunika kitenge kichwani na kuelekeza uso kwenye migomba, si kwangu, akaniita Ssebo, yaani bwana kwa lugha yao.

"Ssebo, mmelalaje?"

"Salama, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bati la jikoni linavuja. Mtoto wa pili amekohoa usiku, msimpe maji ya baridi. Na yule fundi uliyemlipa jana amekudanganya, mlango bado unalia."

Hakuwahi kuvuka ule mlamula nikiwa nyumbani. Nilipokwenda shuleni alivuka, akapanga vyombo upya, akahamisha kabati, akarudi kwake kabla sijafika. Mtu aliyekataa kabisa kukaa nyumbani kwangu ndiye aliyejua chumvi imebaki kiasi gani.

Chakula chetu hakukipenda na hakulificha hilo. Kwao ndizi hufungwa kwenye majani, ikaiva kwa mvuke, ikapondwa. Kwetu humenywa, ikachemshwa na maharage. Siku moja nilimsikia akimwambia mjane, kwa sauti iliyopimwa kunifikia:

"Wahaya mnachemsha ndizi na maharage kama mnaloweka nguo."

"Na nyie mnaibeba ndizi kwenye majani kama mtoto mchanga," mjane akajibu, "halafu mnaipiga mpaka inalainika. Bora sisi tunaoloweka."

Walicheka mpaka wakakohoa. Kisha mama mkwe akamaliza sahani ya ndizi na maharage na kuomba nyingine.

Kisukari alikichukulia kama mgeni asiye na adabu, wa kuvumiliwa lakini si wa kumpangia maisha yako. Chai aliinywa ya sukari. Dawa aliimeza, ila kidonge kimoja alikikata mara mbili, nusu leo, nusu kesho, ili isiishe upesi tukalazimika kununua nyingine. Mke wangu alipogundua alilia. Mama mkwe alishangaa kwa nini mtu alie kwa sababu ya kubana matumizi. Halafu ikajulikana kwamba baadhi ya vile vipande alimpa mjane, ambaye hakuwa na kisukari, kwa sababu mjane alikuwa amejisikia kizunguzungu.

Sasa nieleze kuhusu gharama, maana wapo wasomaji wenye wazazi wa namna hii na huenda hawajui wanachokabiliana nacho. Mgeni aliyeingia nchini akiwa mzee hana kitambulisho cha taifa, na bila karatasi ya kumtambua, dirishani yeye ni mgonjwa wa fedha taslimu. Kufungua faili ni fedha taslimu. Kupima sukari, kumwona daktari, kusafisha kidonda, bandeji, sindano, kila kimoja na dirisha lake. Hakuna aliyetukosea, wauguzi walikuwa wema na bei zilibandikwa ukutani. Ila ugonjwa wa sukari hauji mara moja ukaondoka. Unarudi kila mwezi kama ada ya shule, na sisi ada za shule tulikuwa nazo tayari. Ndugu za mke wangu walioko Kampala walikuwa na jibu moja kwenye simu: "Tutaona." Nimeacha kuwalaumu. Nao walikuwa na wazee wa upande mwingine.

Dawa ya hali hiyo ni bima, na bima ndiyo somo langu. Pale usharikani kwetu, sisi Walutheri, wananijua kwa hilo. Kila baada ya ibada nilisimama nje nikaeleza, bila haraka, mpaka aliye nyuma kabisa aelewe. Mfano wangu ulikuwa vikundi vya kuzikana. Sisi sote huku tumo kwenye kikundi cha kuzikana. Unachanga ukiwa mzima, na msiba ukikufika hupigi hodi kwa watu. Bima ni hivyohivyo, niliwaambia, ila kwa aliye hai. Watu waliuliza, nikajibu, wengi wakaelewa. Wazee wasiojua kusoma walielewa. Mama mkwe nilimweleza mara nyingi kuliko wote, yeye kwenye migomba ya mjane na mimi kwenye ngazi ya jikoni.

"Kwa hiyo, Ssebo, mwezi huu wewe hukuumwa."

"Sikuumwa, Mama."

"Na pesa yako wamechukua."

"Wamechukua. Inamtibu mwingine aliyeumwa."

"Nani?"

"Hatumjui."

"Na mimi nikitibiwa, aliyenilipia ni nani?"

"Nao hatuwajui, Mama. Ni wengi."

Alibandua jani kavu kwenye mgomba. Nikadhani limeingia.

"Ssebo, mtu analipa dawa yangu na hata jina lake sijui. Nitamshukuruje? Nitampelekea nani kuku?"

Nilimwambia hakuna anayedai kuku. Akasema ndilo hasa jambo linalomtisha.

Lakini hicho hakikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa mimi. Mke wangu ni fundi cherehani, hana mwajiri, kwa hiyo mama yake asingeweza kuandikishwa kwa jina la binti. Ilibidi awe kwa jina langu, chini yangu, mtegemezi wangu. Nilipolieleza hilo alisimama, akafunga kitenge vizuri, akaingia chumbani kwake. Siku ile hakuuliza tumelalaje wala tumeshindaje.

"Anasema hawezi kuwa mtoto wako," mke wangu alinieleza jioni.

"Nani amesema ni mtoto wangu?"

"Anasema anayelishwa na kuvishwa na mwanamume ni mke wake au mtoto wake. Mkwe si mojawapo."

"Mbona mchele wangu anakula?"

"Anakula mchele wa binti yake. Wewe unaununua tu."

Kidonda kilianza na safari ya Kemondo. Samaki wanaopitishwa na wachuuzi hakuwaamini, alisema wamechoka kuliko yeye, kwa hiyo alikwenda mwenyewe bandarini na ndala mpya zilizombana. Malengelenge yakapasuka. Akayafunga kwa kitambaa, akaendelea na mambo yake. Mguu wa mama mkwe si kitu cha kuonwa na mume wa binti yake, na kwa kuwa kuchechemea kungenifanya niulize, alijizuia kuchechemea. Asubuhi alichuchumaa mpakani kama kawaida. Sasa najua maumivu aliyoyapata kila aliponisalimia.

Aliyeshtuka ni mjane, kwa harufu. Mke wangu akaenda, akafungua kile kitambaa, akapiga picha kwa simu na kunitumia niliyekuwa shuleni, maana mimi ndiye niliyesoma habari za kisukari na kidonda cha mguu. Niliitazama ile picha kwenye ofisi ya walimu. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Nikampigia mke wangu: hospitali, sasa hivi, usisubiri nirudi. Kilichofuata nilikisikia kwa nyuma ya simu.

"Umempelekea mkwe wangu mguu wangu?"

"Mama, anataka kutusaidia."

"Mguu wangu umeingia ofisi ya walimu? Walimu wangapi wameuona?"

Hakwenda hospitali siku ile. Kesho yake alidamka, akapanda gari na mjane, wakaenda Muleba kwa mzee mmoja mwenye dawa za majani. Mwanamke anayekata kidonge vipande viwili ili tusiingie gharama alimpa yule mzee mbuzi mzima. Nilipomuuliza, kwa upole wote niliobakiwa nao, alinijibu kwamba mbuzi yule alikuwa wake mwenyewe, amemlea kwa mjane, na mzee wa Muleba amemshukuru uso kwa uso. Hakumwandika chini ya mtu yeyote.

Majani hayakusaidia. Tulipomfikisha hospitali kidole hakikuwa cha kuokolewa, kikakatwa, na daktari akatwambia mguu wenyewe umeokoka kwa sasa tu. Vidole viwili vilivyofuata vilikuwa vimeanza kubadilika rangi. Alihitaji kusafishwa kidonda kila baada ya siku chache, dawa za kila siku bila kukata, na vipimo. Kulipia kile kidole kimoja tulifanya jambo ambalo mimi nimewakataza watu wengi kulifanya: tuliuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Huku kwetu tunaita butura. Mnunuzi anakulipa kidogo leo, mavuno yote yanakuwa yake. Tulikubaliana na mke wangu kwamba mama yake asijue.

Mjane alimwambia. Mjane hawezi kutunza kitu zaidi ya wiki.

Asubuhi iliyofuata alikuja mpakani na fimbo. Hakuchuchumaa, hakuweza. Alisimama, kitenge usoni.

"Ssebo, umeuza maua."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa kidole changu."

"Ndiyo."

"Niandike."

Nilitaka kumpongeza. Nilikuwa na maneno yangu ya kutia moyo, yale niwapayo wanafunzi. Akanikatiza kwa kuniambia bati la jikoni bado linavuja.

Kumbe kabla ya bima kulikuwa na hatua nyingine, na nitaieleza taratibu. Mgeni lazima kwanza awe na kibali cha kuishi nchini kama mtegemezi wa mwenyeji. Kwa kibali hicho ndipo jina lake linapokelewa kwenye bima. Nilikusanya kila kilichotakiwa, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri wake, tukaitwa ofisi ya uhamiaji Bukoba mjini kwa mahojiano. Ofisa alikuwa binti mmoja mpole, mwenye Kiswahili safi, na alimkaribisha mama mkwe kama bibi yake. Mama mkwe alikaa pembeni ya mlango, mimi nikakaa dirishani, tukamwacha ofisa katikati.

"Bibi, huyu mwalimu ni nani kwako?"

"Ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu."

"Vizuri. Na unaishi kwake?"

Niliona mgongo wa mama mkwe ukinyooka.

"Nani?"

"Wewe, Bibi. Unaishi nyumbani kwa mkwe wako?"

"Mimi? Nilale kwa mkwe wangu?" Alimtazama yule binti kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyelelewa vibaya. "Mwanangu, una mama wewe?"

"Ninaye, Bibi."

"Analala kwa mume wako?"

"Sijaolewa bado."

"Utakapoolewa usimfanyie mama yako hivyo. Mimi sijalala kwa mkwe wangu hata siku moja. Sijala naye. Hata kumgusa sijamgusa, muulize."

Ofisa hakuniuliza. Aliweka kalamu chini. Alinieleza, na alikuwa na haki kabisa, kwamba mtegemezi ni mtu unayekaa naye na kumtunza, na kwamba mwombaji mwenyewe ametamka kuwa hakai nami wala hali nami. Hawezi kuandika kinyume cha alichosikia. Tukarekebishe mambo ya makazi, kisha turudi.

Nilijaribu kueleza habari ya mlamula, chumba cha mjane, kijiko kinachosikika kikianguka. Mimi ambaye hueleza vitu kwa kazi, nilijisikia nikivieleza vibaya.

Kwenye bajaji ya kurudi, yeye na mke wangu walikaa nyuma, mimi mbele na dereva, uso wangu barabarani.

"Mama," nikasema bila kugeuka, "safari ijayo akiuliza unaishi kwangu, sema ndiyo. Neno moja."

"Niseme uongo?"

"Si uongo kabisa. Tumepakana."

"Ssebo, wewe ukidanganya ofisini watasema mwalimu amekosea. Wewe una kitambulisho, una baba aliyezikwa hapa. Mimi ni mgeni. Sina kitu cha kuonyesha isipokuwa ninachokisema. Nikishikwa na uongo mmoja nimekwisha, hata yale ya kweli hawatayaamini."

Dereva wa bajaji akasema, "Bibi amesema kweli." Sikumwomba maoni.

Kwa hiyo tukakwama. Kila baada ya siku chache mke wangu alimpeleka kusafishwa kidonda, na kila safari tulilipa. Kidole cha pili kilikuwa kinakwenda njia ya cha kwanza. Nilimweleza mama mkwe tena na tena, kwa mifano mipya, kwamba ahamie tu, chumba kipo, mapazia yapo. Akanijibu kila mara kwamba mikono yangu ikianza kutetemeka nitaandikaje ubaoni. Nilifika mahali nikawa ninaeleza peke yangu njiani kwenda shuleni.

Kisha siku moja mchana nilirudi nyumbani na kukuta godoro limeegemezwa kwenye shina la mgomba. Niliangalia vizuri. Lilikuwa la mjane. Kwenye kamba ya mjane yalianikwa mashati yangu. Kwenye ukumbi wa mjane kulikuwa na viatu vyangu, vimepangwa, vimepigwa rangi. Mjane mwenyewe alitoka na ufagio.

"Waitu, Mwalimu wetu, karibu. Chumba nimekifagia. Godoro nalianika juani, lilikuwa na unyevu."

"Chumba gani?"

Akaelekeza ufagio kwenye chumba cha nje.

Nilivuka kwenda kwangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka ndani, kwenye dirisha la sebule yangu.

"Ssebo, usiingie kwanza. Nimehamia."

Nilisimama kwenye ngazi ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Ndani nilimsikia mke wangu akicheka kwa kujiziba mdomo.

"Mama, umehamia wapi?"

"Kwako. Yule binti wa ofisini ameuliza kama naishi nyumbani kwa mkwe wangu. Sasa naishi. Nala chakula chako, nalala kwenye kile chumba cha mapazia. Ni kweli tupu."

"Na mimi?"

"Wewe huwezi kulala nilipo, unalijua hilo. Utalala kwa mwenzangu. Ni karibu. Kijiko kikianguka utakisikia."

Nilifungua mdomo ili nieleze. Nilikuwa na hoja, nazikumbuka: kwamba mke wangu, kwamba majirani, kwamba mimi ndiye mwenye nyumba. Nikakumbuka ile rangi ya kidole cha pili. Nikavuka mpaka.

Tulirudi mjini wiki ileile. Ofisa alikuwa yuleyule.

"Bibi, safari hii unaishi wapi?"

"Naishi nyumbani kwa mkwe wangu. Napikiwa na binti yangu. Mchele ni wa mkwe wangu."

Lile la mchele lilimtoka kwa shida.

"Ni kweli, Mwalimu? Anakula kwako?"

"Anakula kwangu kuliko mimi mwenyewe," nikasema, na hapakuwa na neno la uongo ndani yake.

Yule binti akacheka, akaandika. Hakuniuliza mimi nalala wapi. Tulipotoka nje mama mkwe aliegemea ukuta, mbali nami kama kawaida.

"Angekuuliza, Ssebo, ungesemaje?"

"Ningesema kweli, Mama."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nasali asikuulize."

Kibali kilitoka, kisha kadi. Kidole cha pili kilikatwa kwa kadi ile, na cha tatu kikabaki mahali pake. Kidonda kimefunga. Anatembea na fimbo mpaka kanisani na kurudi, na daktari amesema mguu ni wake, aendelee tu na dawa. Anazimeza nzima siku hizi, kwa kuwa, anasema, kukata kidonge kilicholipiwa na watu asiowajua ni utovu wa adabu.

Huku kwetu habari zinatembea. Wazee wawili wa kanisa na mwinjilisti walinijia, wakakaa kwenye ukumbi wa mjane wakiwa na nyuso za mazishi.

"Mwalimu, tumesikia unalala kwa mjane."

"Nalala kwenye chumba cha nje cha mjane."

"Ndivyo tulivyosikia."

Niliwaeleza tangu mwanzo: miiko ya Rakai, kidonda, kibali, mahojiano, mchele. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyoeleza hapa. Walitikisa vichwa muda wote. Nilipomaliza, mzee mmoja alikohoa kidogo.

"Kwa hiyo bima ndiyo inayotaka mume atoke nyumbani?"

Jumapili iliyofuata nilisimama nje ya kanisa kama kawaida yangu. Wanaume waliokuwa wameniahidi kujiandikisha walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Jioni ile niliamua basi. Mguu umepona, kadi ipo, hakuna anayeuliza tena. Nilivuka mpaka jua likiwa bado halijazama, nikasimama chini ya dirisha la sebule yangu. Mama mkwe alikuwa ndani anachambua maharage. Niliyasikia yakidondoka kwenye sinia. Aliposikia kikohozi changu alisogea nyuma ya pazia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Ssebo. Umeshindaje huko?"

"Vizuri. Mama, nimekuja tuzungumze. Kadi tumeipata. Nadhani sasa unaweza kurudi kwenye chumba chako."

Maharage yakanyamaza.

"Yule binti nilimwambia naishi hapa," akasema.

"Ndiyo, na ilikuwa kweli."

"Sikumwambia naishi hapa mpaka kadi itoke. Nikiondoka kesho, nitakuwa nilimwambia nini?"

Nilimwambia watu huhama, si uongo kuhama. Nilimwambia kibali kinatazama siku ile ya mahojiano. Nilimwambia ofisi haiji kuchungulia vyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyonisikiliza wanafunzi wazuri ambao bado hawajakubali.

"Kibali hiki kina mwisho, Ssebo?"

"Kina mwisho. Kinahuishwa."

"Na wakati wa kukihuisha wataniuliza tena."

Niligeuka nikakitazama kile chumba cha nje cha mjane.

"Mguu huu umebaki kwa sababu ya neno nililolisema," alisema, na mara hii sauti yake haikuwa ya kuniendesha. "Niache nikae ndani ya neno hilo. Nikitoka nitaogopa kila nikiukanyaga."

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amejifuta mikono kwenye kanga, ananitazama aone nitaeleza nini sasa. Ng'ambo ya mlamula mjane aliita kwamba maji yangu ya kuoga yanapoa.

Nikamwomba mke wangu anipitishie mto wangu dirishani.